Land Cruiser 80 (1HZ): nataka tenki la pili la dizeli kwa safari za asali, nifunge vipi?

MnunuziAsali_Buswelu

Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijatoa hela.

Gari ni Land Cruiser 80, injini 1HZ, tenki la kiwandani lita 95. Naishi Buswelu, Mwanza, ila kazi yangu iko mbali na ziwa: nanunua asali kwa warina wa Sikonge na Inyonga, naileta huku, nachuja, nafungasha. Mwanza hadi Tabora ni lami, takribani kilomita 360, sheli ziko kila mji. Taabu inaanza nikishaiacha lami baada ya Sikonge. Kambi za warina ziko ndani ya miyombo, njia ni alama mbili za matairi tu, kiangazi mchanga, masika matope, gia ya pili na ya tatu kutwa nzima. Kwenye lami gari inanipa kilomita nane kwa lita. Mle ndani ikiwa na mzigo inashuka hadi tano. Kuzunguka kambi zote mpaka nirudi kwenye lami ni kama kilomita 450, na mto ukijaa unazunguka zaidi ya hapo. Yaani tenki zima linaishia mle mle.

Mpaka sasa nabeba madumu ya dizeli kwenye buti, pamoja na ndoo za asali. Hapo ndipo roho inaponiuma. Asali inashika harufu. Ndoo hata ikifungwa vizuri, mikono ikigusa dizeli kidogo wakati wa kumimina kisha ikashika mfuniko, mteja wa Mwanza anaisikia. Mrina amepanda mti usiku na moshi wake, ameumwa na nyuki, amekukabidhi kitu safi kabisa, halafu wewe unakifikisha mjini kinanuka gereji. Hilo siwezi kulikubali.

Kwa hiyo nataka tenki la pili, nje, chini ya gari. Nafasi naiona pale tairi la spea linapokaa. Nafikiria lita 90. Kuna mchomeleaji karibu na Mwaloni, Kirumba, ameniambia atalikunja kwa bati la galvanaizi kwa kuwa halishiki kutu, halafu ataunganisha ti (kiungo cha njia tatu) kwenye mpira wa mafuta unaokwenda injini, niwe nafungua koki ya tenki ninalotaka. Bei yake ni nzuri. Je, hii ni sawa? Na lita 90 nyuma hazitaielemea gari?

Malori_Igoma

Mkuu, kwa nini ujisumbue? Funga keria nzuri juu, madumu manne ya chuma, fungia kamba za kukaza. Harufu inabaki nje na asali inabaki ndani. Ukimaliza msimu unayashusha, gari inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwa matumizi ya msimu mimi nisingetoboa gari.

MamaHardtop_Lamadi

Kaka wa Igoma, kwa gari inayokwenda lami na changarawe nakuelewa. Kwa njia alizozieleza mwenzetu, hapana. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 67 za dizeli, bado uzito wa madumu na keria. Zikae juu ya paa la gari ambayo tayari ni ndefu kwenda juu, kisha ipite kwenye korongo imelala ubavu. Mimi naendesha wageni kupitia geti la Ndabaka, ukanda wa magharibi wa Serengeti, na ile ardhi nyeusi ikilowa gari inateleza upande bila kukuomba ruhusa. Uzito wa juu ndio unaoamua kama itasimama au italala. Na dumu la juu lina jambo jingine: lazima mtu apande akalishushe jua likiwaka, dizeli imetanuka, ukilegeza mfuniko inakurukia usoni.

Yangu ni Land Cruiser hardtop 78 iliyokuja na matenki mawili kutoka kiwandani, swichi iko kwenye dashibodi. Kwa hiyo mambo ya kutengeneza tenki nawaachia mafundi. Ninachotaka kumwambia mnunuzi wa asali ni kuhusu maji. Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa hewa yetu ina unyevu. Tenki likikaa nusu kwa wiki kadhaa, usiku likipoa unyevu unashika kuta za ndani kwa juu, unatiririka, unakaa chini ya dizeli. Tenki unalolitumia kila siku halipati nafasi ya kukusanya maji mengi. Lile la pili, ambalo watu hulikumbuka wakiwa na safari ndefu tu, ndilo linalogeuka kisima. Maji yakishakaa, vijidudu vinaota pale dizeli na maji vinapokutana, unapata ute mweusi unaoziba filta. Kwa hiyo popote utakapotengenezea, dai plagi ya kumwagia chini kabisa ya tenki, na uitumie.

Fundi_Nyakato

Mdogo wangu wa Buswelu, simamisha kwanza hiyo kazi ya Mwaloni. Usitoe hata shilingi ya kianzio. Si kwamba huyo ndugu hajui kuchomelea, huenda anachomelea vizuri kunishinda. Ila amekuambia mambo mawili, na yote mawili yatakuacha msituni.

Bati la galvanaizi. Ni kweli halishiki kutu kwa maji ya mvua, ndiyo maana tunaezekea nyumba. Lakini ile zinki iliyopakwa juu yake haipatani na dizeli. Inamumunyika kidogo kidogo, inatengeneza kitu kama sabuni, na sabuni hiyo inaganda kwenye filta na kwenye ncha za nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Hutaiona mwezi wa kwanza. Utaiona gari imeanza kutoa moshi na kukosa nguvu, utabadilisha filta, itarudi. Na fundi mwenyewe akiichomelea zinki inatoa moshi mweupe unaompa homa usiku. Tumia shiti ya chuma cheusi ya milimita 2, ndani usipake rangi yoyote maana dizeli itaibandua na kuipeleka kwenye filta, nje paka praima na rangi nzito ya chini ya gari. Tenki za Australia kama Long Ranger wanatumia chuma kilichopakwa alumini, na ARB wanayo ya plastiki ngumu; ukipata moja inayolingana na 80 na mfuko unaruhusu, chukua. Mabomba ya shaba nayo usiyaweke, shaba inaharakisha dizeli kuchacha.

Sasa hiyo ti na koki. Hapa naomba unisome polepole, maana ndiyo sababu nimeandika.

1HZ haina pampu ya umeme ndani ya tenki. Injekta pampu iliyoko mbele ndiyo inayovuta mafuta yenyewe kutoka nyuma. Maana yake njia nzima kutoka tenki hadi pampu iko kwenye mvuto. Kiungo kikilegea hapo hakidondoshi dizeli ukaona doa chini ya gari. Kinaingiza hewa. Gari inakata ikipanda mlima, asubuhi inawaka kwa taabu, wewe unabaki unabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta na hujui tundu liko wapi. Kila ti, kila koki, kila klipu utakayoongeza kwenye njia ile ni mlango mpya wa hewa. Na ukisahau koki zote mbili wazi, tenki moja likikauka injini itavuta hewa kutoka kwenye tenki tupu hata kama lile jingine limejaa pomoni.

Bado kuna ritani. Dizeli inayovutwa haichomwi yote, sehemu kubwa inarudi nyuma baada ya kupoza na kulainisha pampu. Kwa mpango wa ti, unavuta kutoka tenki la pili, ritani inarudi tenki la kwanza. La kwanza likiwa limejaa, inafurika kwenye bomba la pumzi, unamwaga barabarani mafuta uliyoyabeba kwa shida. Ukitaka kubadili tenki kwa swichi kama hardtop ya dada wa Lamadi, ni lazima valvu inayobadili njia ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Zipo, zinafanya kazi vizuri, ila bado umeigusa njia ya mvuto.

Ushauri wangu kwa 1HZ: njia ya injini usiiguse kabisa. Tenki la pili liwe na kazi moja tu, kumimina mafuta kwenye tenki la kwanza. Pampu ndogo ya umeme ya kuhamishia, filta ya kuchuja kabla ya pampu, bomba linaloingia kwenye shingo ya kujazia ya tenki kubwa, basi. Pampu ile ikifa, gari haijui. Kiungo kikilegea, kinavuja nje, unakiona, unakikaza. Injini inaendelea kunywa kutoka pale ilipozoea.

Kuhusu lita. Kilomita 450 kwa tano ni lita 90. Ukitoka sheli ya mwisho Sikonge na lita 95 za kwanza na 60 za pili, una 155, yaani kilomita 775 za porini. Hiyo inakutosha kwenda, kuzunguka mto, kupotea njia na kurudi. Lita 90 za pili sioni za nini. Dizeli ya lita 60 ni kilo 50, tenki lenyewe kama 20, jumla 70. Ila zile 70 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli hazibaki 70. Gari yako kati ya ekseli na ekseli ni mita 2.85, kwa hiyo springi za nyuma zinabeba kama 95, na mbele panapungukiwa kama 25. Kwa lita 90 nyuma panafika 136 na mbele panapungua 35. Usukani unakuwa mwepesi kwenye mchanga, na taa zinaangalia vilele vya miti. Chukua 60, uzito uliookoa upakie asali.

Ndani ya tenki lazima kuwe na kuta za kuvunja mawimbi. Kina mama wanaotoka ziwani na ndoo kichwani huweka jani juu ya maji yasimwagike. Kuta zile ndizo jani la tenki. Mbili zinatosha kwa lita 60, zikatwe pembe za chini na za juu ili mafuta na hewa vipite, zichomelewe kwa vipande siyo mstari mzima. Bila kuta, kilo 50 zinapiga kichwa kwenye bati kila ukikanyaga breki, na mshono unapasuka mahali pale pale. Mwambie fundi akunje shiti badala ya kukata na kuunga, kila mshono aliouepuka ni uvujaji alioukwepa.

Kufunga: usichomelee kitu kwenye chasisi, na usimruhusu mtu achomelee. Tenki likae kwenye fremu yake, mikanda miwili ya chuma, katikati mpira. Fremu ishikwe na bolti zilizotobolewa kwenye ubavu wa chasisi, kamwe si kwenye ukingo wa juu au wa chini, chasisi inapasukia hapo. Kwa kuwa mpira unalitenga tenki na bodi, vuta waya wa erthi kutoka tenki na kutoka shingo ya kujazia hadi chasisi. Halafu inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki mpaka mwisho, kisha la pili, uingie chini uone kama kuna kitu kinagusa. Nafasi ya sentimita tano kati ya tenki na chochote kinachocheza. Eksozi ipishe mbali, au weka bati la kukinga joto.

Bomba la pumzi lipande juu kuliko mdomo wa kujazia, mwisho wake uangalie chini na uwe na kichujio kidogo. Ukivuka maji huku bomba liko chini, tenki lililopashwa joto na jua linapoa ghafla na kuvuta maji ya mto. Na usijaze mpaka mdomoni. Lita 60 zilizotoka ardhini baridi zikipata joto la nyuzi 20 zaidi zinaongezeka karibu lita nzima.

MnunuziAsali_Buswelu

Fundi, shikamoo, na asante sana. Mama wa Lamadi pia asante, la maji sikulijua. Nimemwambia yule ndugu wa Mwaloni asubiri.

Maswali: Tairi la spea liende wapi? Nitajuaje kilichobaki kwenye tenki la pili? Na pampu, niwashe saa ngapi? Pia jamaa mmoja ana tenki la zamani la lori la petroli, anasema tulikate tulipunguze, bei karibu na bure.

Fundi_Nyakato

Marahaba. Naanza na la mwisho kwa sababu linaua. Tenki lililowahi kubeba petroli lisiguswe na moto wa kuchomelea wala na diski ya kukatia. Likiwa tupu ndiyo baya zaidi, maana limejaa mvuke. Watu huliosha kwa sabuni, wakaliacha wazi juani wiki nzima, na mvuke bado umejificha kwenye mishono na kutu. Mwambie huyo jamaa asante, na kama ni rafiki yako mwambie asimwuzie mtu mwingine kwa kazi hiyo.

Spea: mkono wa kufunguka kwenye bampa la nyuma. Usiuning'inize mlangoni, njia zako zitakula bawaba. Tairi na rimu yake ni kilo 35 na zaidi, bampa liwe la chuma cha maana lililoshikwa na chasisi, siyo lile la urembo.

Geji: boya la geji la kawaida na mshale mdogo kwenye dashibodi. Kama hutaki gharama hiyo, saa ya mkononi inatosha. Pampu nyingi za aina hii zinahamisha kati ya lita 90 na 150 kwa saa. Ipime yako mara moja kwenye ndoo, uandike namba kwenye karatasi ubandike karibu na swichi. Iwe na fyuzi na rilei yake, na taa nyekundu ya kukukumbusha iko kazini. Angalia umeme wa gari yako kabla hujanunua: kama betri mbili zimeungwa kwa mfululizo ni volti 24, na pampu ya 12 itaungua. Weka na valvu ya kuzuia, mafuta yasijihamishe yenyewe gari ikilala mlimani.

MamaHardtop_Lamadi

Naongezea hapo kwenye saa ngapi, maana hili ni la dereva kuliko la fundi. Usingoje tenki la kwanza likaribie kukauka ndipo uwashe pampu. Washa mapema, mara tu nafasi inapopatikana. Ukiwasha ukiwa kilomita mia ndani na pampu imekufa, una mafuta ya kukurudisha barabarani. Ukiwasha ukiwa kilomita 400 ndani na imekufa, una lita 60 chini ya gari na gari imesimama.

Fundi_Nyakato

Dada amesema vema kuliko mimi. Nitaiweka kwa namba. Tenki kubwa ni 95, dogo 60. Zote 60 zitaingia bila kufurika kama kubwa limebaki na 35 au chini. Ila huna haja ya kuhamisha zote kwa mkupuo. Likifika nusu, hamisha 30. Likifika nusu tena, hamisha zilizobaki. Hapo umeshajua pampu ni nzima ukiwa bado na mafuta ya kukurudisha Sikonge.

Na kuna faida nyingine kwa kazi yako. Ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Unapoingia msituni ndoo ni tupu na mafuta yamejaa. Unapotoka ndoo zimejaa. Ukitumia tenki la nyuma kwanza, wakati asali inapanda buti, lile tenki litakuwa limeshakauka na springi zina nafasi. Ukiliacha mpaka mwisho, kilo zote zinakaa nyuma ya ekseli kwa pamoja. Springi za 80 ni za koili, zikichoka gari inakaa mkia chini. Ukishafunga tenki ipakie kama ya safari, pima kwa futi kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, mbele na nyuma, kabla na baada. Ikishuka nyuma zaidi ya sentimita tatu nne, badili koili za nyuma, usiweke vipande vya mpira kati ya mizunguko.

MnunuziAsali_Buswelu

Nimeelewa. Lita 60, chuma cheusi milimita 2, kuta mbili, pampu ya kuhamishia, njia ya injini haiguswi. Shingo ya kujazia nitaiweka upande wa kushoto yenye mfuniko wa kufuli. Yule ndugu wa Mwaloni amekubali kubadili bati, amesema yeye alikuwa anafikiria tenki za maji. Je, nikishalichukua nalijaribuje kabla ya kulifunga?

Fundi_Nyakato

Ziba matundu yote, pandisha upepo kidogo sana, psi 3 zinatosha, usitumie nguvu ya kompresa ya matairi maana utalivimbisha. Paka povu la sabuni kwenye kila mshono, subiri, angalia. Panapotoa mapovu weka alama ya chaki. Lichomelewe likiwa bado halijaonja dizeli, baada ya hapo hakuna kurudi kwenye moto.

Kisha mimina lita tano za dizeli, litikise watu wawili, mwaga kupitia plagi ya chini ndani ya chupa inayoangaza. Zitatoka na vumbi la chuma na mabaki ya kuchomelea. Rudia mpaka zitoke safi, ndipo ufunge. Filta ya pampu ibadilishe baada ya safari ya kwanza, na ya injini pia. Ukilileta Nyakato asubuhi tutaliingiza pamoja, njoo na tenki kubwa likiwa robo na buti tupu, tupate kupima urefu wa springi kabla hatujagusa bolti.